Delmar Ndani ya Mahindi

Delmar Huisman alikuwa amelala kifudifudi ndani ya mahindi ya jirani yake, darubini machoni, huku mdudu akimtembea shingoni. Hakumfukuza. Mtu aliye kazini kutetea sheria hana muda wa wadudu.

"Bado tu?" aliuliza Bi Lindqvist, mkaguzi wa chama cha michezo ya shule, aliyechuchumaa nyuma yake akikunja sketi isiguse matope. Alikuwa ameendesha gari kutoka mji wa Des Moines kwa sababu ya simu za Delmar, na simu zenyewe zilikuwa hazimpi usingizi.

"Vuta subira, mama. Leo tunamnasa."

Wa kunaswa alikuwa Rollie Pruitt, kocha wa kujitegemea, mpole, asiyekuwa na mke wala mbwa. Majira ya baridi yote alikuwa akimfundisha Brynn Tiedemann kurusha mpira wa softiboli, mchezo ambao mmoja hurusha na mwingine hupiga kwa gongo, hadi wapigaji wa shule nyingine wakawa wanapiga hewa. Hapo hapakuwa na kosa. Lakini kiangazi kilipoingia, msimu ulifunguliwa, na msimu ukifunguliwa mchezaji haruhusiwi kufundishwa pembeni na mtu yeyote, ila kocha wa shule na wazazi wake. Akikamatwa, anakaa benchi mpaka msimu uishe.

Delmar aliipenda sheria hiyo kuliko nyimbo za kanisani. Yeye alimfundisha binti yake kila jioni nyuma ya gereji, kwa sauti ya kusikika mtaa mzima, maana baba anaruhusiwa. Brynn hakuwa na baba. Baba yake alifariki yeye akiwa bado anatambaa. Pamoja na hayo, Brynn ndiye aliyerusha kila mechi, na binti wa Delmar ndiye aliyemshikia maji. Jumamosi watu wa chuo kikuu walikuwa wanakuja kumtazama Brynn. Wakimpenda, atasomeshwa bure. Wakimkuta benchi, basi tena.

"Ushahidi ninao, mama," Delmar alinong'ona. "Somo ni la saa moja tu, lakini pikapu ya Rollie inakaa hapa kwa kina Brynn mpaka giza. Jumapili anakuja. Mvua ikinyesha anakuja! Nani anafundisha kurusha mpira kwenye mvua?"

"Mtu mwenye bidii," alisema Bi Lindqvist.

"Halafu Marcy, mama wa huyo msichana, anampikia pai. Hayo si malipo hayo?"

"Pai ya nini?"

"Ya cheri."

"Mmh," alisema mkaguzi, kama mtu aliyeambiwa jambo zito.

Delmar alijipongeza kimoyomoyo. Siku nzima ilikuwa imemwendea vizuri, ukiacha asubuhi, mkewe Verla alipomchapa mkono kwa mwiko kwa kugusa keki. Keki yenyewe ilikuwa nyeupe, ndefu, imepandishana kama ghorofa. "Hiyo si yako! Na jioni tuna mwaliko, uvae shati safi. Umenisikia, Delmar?" Delmar, akipangusa vioo vya darubini, alijibu, "Ndiyo, mpenzi." Katika maneno yote hayo alikuwa amesikia jina lake tu.

Ghafla barabarani kulisikika makelele ya mabati, kwangala-kwangala, yakisogea.

"Ni yeye! Ekzosi imemdondoka!" Delmar alicheka nusura apaliwe. "Yuko mbioni, hata gari hana muda wa kulitengeneza."

Pikapu ilisimama upande wa pili wa banda la ng'ombe. Rollie akashuka amevaa suti na tai.

"Mwone! Anajifanya katoka kanisani. Na leo Alhamisi!"

Brynn alimfuata mbio, gauni la maua mwilini, glavu mbili mkononi. Mama yake aliingia ndani ya nyumba bila hata kugeuka nyuma.

"Haya, twende!" alisema Brynn, akirukaruka.

"Sasa hivi? Na suti hii?"

"Uliahidi! Ulisema tukirudi tu!"

Rollie alirusha tai begani, akachukua glavu moja, akachuchumaa ukutani mwa banda, akaifungua. Brynn akazungusha mkono. Paa! Vumbi likaruka.

"Kiuno, Brynn, kiuno! Mkono utafuata wenyewe!"

Delmar hakungoja la pili. Alichomoka kwenye mahindi na majani kichwani, akipiga kelele kama mtu aliyeshinda bahati nasibu. "Nimewakamata! Mama, umeona kwa macho yako! Amefundisha! Kasema kiuno!"

Bi Lindqvist alitoka taratibu nyuma yake, akajipangusa, akamtazama msichana kwa huruma. Hakuipenda sehemu hii ya kazi yake.

"Binti, huyu ni kocha wa shule yako?"

"Hapana, mama."

"Unajua kwamba msimu umeanza?"

"Najua."

"Na alikuwa anakufundisha?"

"Kila siku tangu Jumatatu nilikuwa namwomba, akikataa. Mpaka leo." Midomo ya Brynn ilikuwa inatetemeka, na Delmar, ambaye hakuwa mtu mbaya kihivyo, alihisi kitu kikimchoma kidogo moyoni.

"Sasa leo kakufundisha kama nani?"

Ndipo Brynn aliposhindwa kujizuia. Aliangua kicheko, akamshika Rollie mkono.

"Kama baba yangu," alisema. "Tangu mchana huu. Hamkusikia makopo ya harusi nyuma ya gari?"

Mlango wa nyumba ulifunguliwa, akatoka Verla amebeba keki nyeupe, na juu yake bibi harusi na bwana harusi wa sukari wameshikana mikono.

"Delmar!" alisema. "Si nilikwambia uvae shati safi?"