Kopo la Kwapani

"Hutoki, baba! Nimesema hutoki!" Tusekile kasimama mlangoni, koti la baba yake kalikumbatia, hampi.

"Kwani mimi mfungwa wako?" Mzee Lutengano akafoka, kikohozi kikamkata. Wiki iliyopita tu katoka hospitali alikolazwa kwa nimonia, na kipupwe cha mji ule hakina utani.

Ambokile, mwenzake wa kuvua samaki kila Jumamosi, alikuja kumpitia. Sasa kakaa tu na fimbo yake ya kuvulia. "Mwanangu, mwachie kidogo. Jua likitoka tu..."

"Baba mdogo, akifa utamzika wewe?"



Mzee akamgeukia Ambokile. "Nenda basi! Mwezi mzima hujapata hata mmoja."

"Baridi hii samaki hawali, kaka."

"Wanakula! Wewe unatupa ndoano juu juu, samaki wamelala chini kabisa. Halafu minyoo wako wa chambo wamekufa ganzi, nani atawataka?"

Kipupwe chote bwawani huwa anapata Lutengano peke yake, na hajawahi kumwambia mtu anafanyaje. Akaingiza mkono ndani ya shati, akachomoa kopo dogo kwapani.

"Liko humu tangu alfajiri. Mnyoo akipata joto anacheza. Usiweke mfukoni, weka kwapani. Haya, shika."

Ambokile akalipokea. Lilikuwa la moto kama mtu mwenye homa. Alitaka kusema wiki ijayo wataenda wote, akamtazama Tusekile, akaacha.

Akalibana kwapani, akatoka, akauvuta mlango mpaka ukashika kabisa, baridi isiingie.