Joka Anayejiponya

Umewahi kumwona mchezaji anayeomba ashindwe? Somoe alikuwa hivyo, vidole havitulii kwenye vitufe. Kaka yake Shomari aliahidi kwamba wakishamuua joka wa mwisho kwenye gemu lao, atapanda basi kwenda kazini, mbali. Sanduku lake lilikuwa mlangoni, limefungwa kwa kamba ya katani.

Milima na mapori yote ya gemu walishayamaliza. Amebaki joka, na kila wakimjeruhi anajiponya.

"Jana hakuwa hivi," Shomari akalalamika. "Hata mishale inatuishia! We Somoe, umegusa nini?"

"Nimeweka kiwango kigumu."

"Una wazimu? Tutamaliza lini sasa?"

Joka akatanua mabawa, kioo kizima kikawa chekundu. Somoe akaacha kubonyeza.

"Sitaki tumalize, kaka. Sitaki uende."