Uji wa Mtoto wa Pimbi

Niapie kwanza kwamba hili halitoki hapa. Mimi pia niliapa, lakini sikia.

Mtoto wa Mama Pimbi alikonda, na hata kusema "mama" hakujua. Mama akamwomba yaya wake, Nguchiro, "Shoga, ongea naye. Kila unachofanya, mtajie."

"Hilo tu, dada? Mdomo ninao."

Basi kila alipobaki na mtoto, Nguchiro akamtajia: "Nakula uji wako. Usimwambie mama."

Siku moja majirani walijaa barazani kumpa Mama Pimbi pole ya mtoto bubu. Mtoto akanyoosha kidole jikoni, akasema kwa sauti safi kabisa, "Nakula uji wako. Usimwambie mama."

Wote wakageuka. Nguchiro alikuwa ameinamia sufuria, upawa mdomoni, sharubu zinachuruzika uji.