Spika ya Sebuleni

"Na mumeo akikuita gunia tupu, unamjibu nini?" mshauri nasaha aliuliza kwenye simu.

Fundi cherehani, aliyejifungia stoo na visikizi masikioni, aliisikia sauti ikitokea sebuleni. Simu yake, ambayo mumewe huichukua kila Jumapili kupigia muziki, ilikuwa imejiunga yenyewe na spika kubwa. Na mashemeji wote walikuwa pale.

Vicheko vikakatika. Mlango ukagongwa kwa ngumi.

"Zima simu! Unanivunjia heshima mbele ya ndugu zangu?"

Kidole gumba cha fundi, kilichojaa alama za sindano, kilikuwa tayari juu ya kitufe cha kukata simu. Miaka tisa amemeza matusi kama shubiri. Leo ndiyo heshima inakumbukwa!

Akaongeza sauti mpaka mwisho, akafungua mlango.

"Samahani, dada. Rudia swali. Mwenyewe huyu hapa."