Ubao wa Ng'ombe

"Huo siuchukui," alisema Kokuhirwa, akausukuma ubao kwa mguu hadi ukagonga kifundo kinene cha kaka yake.

Protase hakusogea. "Chukua. Upepo wa leo mchovu. Huu mrefu, mpana, ndani una povu nene, juu mianzi. Unaelea hata ukipandisha ng'ombe."

"Ng'ombe ni mimi?"

"Sijasema. Umesema mwenyewe."

Vijana wa bodaboda waliosimama barabarani wakacheka. Baba yao, Mzee Kagaruki, hakucheka. Alikaa kwenye kiti cha plastiki akitazama ziwa. Ugomvi wa hawa wawili ulishamchosha, ndiyo maana akatoa amri: atakayesimama juu ya ubao akavutwa majini na tiara lake kubwa hadi Kisiwa cha Musira, akakizunguka na kurudi wa kwanza, ndiye anaachiwa banda la kufundishia mchezo huu hapa ufukweni Bukoba. Atakayeshindwa arudi Muleba akapalilie migomba.

Mbao zilikuwa mbili tu. Zote za kwenda upande mmoja, mbele zimechongoka, nyuma zina mapezi. Ule wa pili ulikuwa mfupi, mwembamba, wa kaboni, mwepesi kama sinia. Mwezi uliopita, siku ya upepo mkali, Protase aliupanda akawapita watu wote kama vile wamesimama.

Kokuhirwa akaingiza miguu kwenye mikanda ya ubao mkubwa. Ikampwaya.

"Ona. Hata mikanda hukunikazia. Unataka nianguke mbele ya Tata."

"Si ukaze mwenyewe. Au nikufunge kamba za viatu, mtoto?"

"Na wewe kwa nini uchukue mwepesi?"

"Mwepesi ni wa watu wanaojua. Wewe na hivyo vikilo vyako utapeperuka kama mfuko wa rambo."

Wale vijana wakacheka tena, safari hii kwa nguvu.

Kokuhirwa alimjua huyu mtu. Tangu wakiwa wadogo hajawahi kumpa kitu kizuri. Baiskeli aliyomrithisha haikuwa na breki, na alisubiri ateremke nayo mlima mzima ndipo amwambie. Akaunyakua ubao mwepesi, akaukumbatia kifuani.

"Tata, mimi nachukua huu."

"Hapana," Protase alisema kwa sauti ya juu. "Tata, mkataze huyu."

"Mwache," baba yao alisema. "Ameshachagua."

"Basi asije akalia hapa."

Kokuhirwa akamcheka usoni.

Wakarusha matiara yao. Kokuhirwa akawahi kuingia majini. Tiara likamvuta kidogo, likalegea. Ubao ukazama chini yake, ukaibuka, ukazama tena. Alikuwa bado karibu na mawe, maji yamemfika kiunoni, alipogeuka kumwangalia kaka yake.

Protase hakuwa na haraka. Aliulaza ubao mkubwa juu ya maji, akaingiza mguu mmoja kwenye mkanda, halafu wa pili. Hakukaza, wala hakulegeza. Mikanda ilikuwa tayari inamtosha.