Vibano Viwili kwa Kila Mpira

Mpira wa kupitishia maji ulimpasukia mkononi kabla kisu hakijaugusa sawasawa. Fundi akaukunja, nao ukafunguka nyufa kama kisigino cha mtu asiyejua viatu.

"Umeshaanza kuvunja!" Sauti ilishuka kutoka juu. "Ukoo wenu mna mikono ya shari!"

Fundi alikuwa amelala chali kwenye tumbo la ile mashua kuukuu ya matanga, chini ya kishimo cha nyuma wanamokaa waendeshaji. Maji yakiingia kwenye kishimo kile, ya mvua au ya mawimbi, hushuka kwa mipira miwili na kutokea baharini. Mipira ikiwa mizima, maji hutoka. Ikioza, bahari ndiyo inayoingia, na mashua huzama palepale ilipofungwa, bila dhoruba wala kelele.

Mwenye sauti aliitwa Kofia, kwa sababu ya kofia ya unahodha ambayo watu waliapa haivui hata chooni. Unahodha wenyewe hakuwahi kuwa nao hata siku moja.

Mashua yake ya kwanza ilizama hivyohivyo. Baba yake fundi alikuwa amemwambia: "Mzee, mipira hii imekufa, na kila mmoja unataka vibano viwili vya kuukaza." Kofia akasema kimoja kinatosha. Ilipozama, alisimama gatini akalia mbele ya watu kwamba fundi hakukaza. Basi Kofia akalipwa bima, akapata mashua nyingine, na baba akapata jina. Hakupewa tena hata skrubu moja ya kukaza. Alizikwa akiitwa Mzamishaji, na bintiye, fundi huyu, akalirithi jina lile kama alivyorithi pua.

Mafundi walikuwa tele pale gatini, lakini Kofia alimwita yeye. Naye akaja. Adui akikufungulia mlango wa nyumba yake, huulizi mara mbili.

Mle ndani palikuwa patupu kama nyumba ya mtu anayehama. Mito, redio, dira, hata sufuria, vyote vimeondolewa, na matundu ya skrubu yanakodoa macho ukutani. Hata pampu ya kunyonyea maji haikuwepo.

"Iko kwa fundi umeme," Kofia alisema, kabla hajaulizwa.

Fundi alichovya ncha za mipira mipya kwenye maji ya moto zilainike, akazisukuma mahali pake. Mpira wa kulia akaupeleka tundu la kutokea baharini la kushoto, wa kushoto akaupeleka la kulia.

"Mbona umeipishanisha kama miguu ya mlevi?"

"Mashua ikilala upande, mzee, mpira ulionyooka unarudisha maji ndani. Uliopishana haurudishi."

"Nani kakufundisha?"

"Baba."

"Ahaa!" Kofia akawageukia wachukuzi waliokaa gatini. "Jamani, mmesikia? Kafundishwa na Mzamishaji! Mashua hii ikienda chini, mnajua mikono ya nani imepita humu!"

Wakacheka. Mwenye mali akitania, asiye nacho hucheka upesi. Ni namna ya kuomba kibarua.

Kofia akainama tena, pumzi zake zikimshukia fundi usoni. "Na vibano vyote hivyo vya nini? Unabana mpira au unafunga ng'ombe? Kimoja kinatosha."

Maneno yaleyale, na mdomo uleule. Miaka yote aliyasikia kwa baba, leo akayasikia kwa mwenyewe. Damu ikampanda mpaka masikioni. Akashika bisibisi, akaiweka kwenye skrubu ya kibano kilichokwisha kukazwa, akaizungusha. Kushoto. Kibano kikalegea. Akainua macho.

Kofia alikuwa ameona. Na Kofia, ambaye tangu asubuhi hakufunga mdomo, akaufunga.

"Maliza uende zako," akasema hatimaye, kwa sauti laini ajabu. "Koki za chini, za kufungia matundu ya baharini, ziache wazi."

Akaondoka gatini akipiga mluzi.

Fundi akabaki na bisibisi yake, akipatazama pale juu alipokuwa ameinama yule mtu. Akatazama yale matundu ukutani. Kisha akainama tena, akazama kazini muda mrefu. Alipopanda juu, alikuwa anatabasamu hivi kwamba mlinzi wa gati alishtuka.

"Binti Mzamishaji, leo una sherehe?"

"Kesho, kaka yangu. Uwahi."

Mvua ikanyesha usiku kucha, ile ya kumwaga kwa ndoo.

Asubuhi gari la Kofia liliingia gatini kwa fujo. Akashuka bila kofia, kwa mara ya kwanza watu wakaona upara wake, leso tayari iko machoni. Nyuma yake akashuka mtu wa bima na kamera yake.

"Niliwaambia!" Kofia akawalilia wachukuzi, mgongo kaupa bahari. "Si niliwaambia? Ukoo ule ni ukoo wa kuzamisha! Baba alinimaliza, na sasa binti! Ninyi ni mashahidi!"

Mlinzi alikohoa. Fundi alikuwa ameketi juu ya kigingi cha kufungia kamba, kikombe cha chai mkononi, akipuliza mvuke taratibu.

Mtu wa bima akampita Kofia, akaenda hadi mwisho wa gati. Pale, mahali pake pa siku zote, mashua ilikuwa imekaa juu ya maji kama bata, kishimo chake cha nyuma hakina hata kidimbwi cha kuoshea kidole. Akaitazama. Akatazama kulia, akatazama kushoto, kisha akamgeukia Kofia.

"Samahani, mzee. Ile uliyonipigia simu alfajiri kwamba imezama, ni ipi?"