Kilichobaki Kikombeni

Tabibu alichanganya unga mweupe wa aina mbili kwa maji ya uvuguvugu, akakoroga kikombeni hadi ukawa uji mzito. Bi Siwema alimtazama bila kupepesa macho. Wiki iliyopita alizika uani kipande cha mfupa uliooza wa mumewe, kama ilivyo desturi ya mji ule kwa kila kiungo kinachomtangulia mwenyewe kaburini. Sasa uji huu ungeziba pengo lililoachwa na kipande hicho mguuni mwa mumewe. Usipoganda, mguu utakatwa.

"Hauchomwi moto, tabibu?"

"La, mama. Joto la mwili linatosha kuufanya mfupa."

Akalijaza pengo, akafunga bandeji, akaenda zake.

Siwema alipotaka kuosha kikombe, mabaki yalikuwa yameshakuwa mfupa, hayabanduki kwa maji wala kwa kisu. Mfupa wa nani huu? Akasoma dua, akakiviringisha kikombe kwa kitambaa cheupe, akachimba shimo uani, akakishusha kando ya kile kipande cha kwanza. Kilikuwa na joto kama mtu aliyelala.

Akamwaga konzi ya kwanza ya udongo.

"Siwema," mumewe aliita kutoka ndani, "mbona mguu unaingiwa na baridi?"

Konzi ya pili ilibaki mkononi mwake.